Jinsi nilivyokaribia kuviua vikombe vyangu vya mazingaombwe kwa kuvipenda mno

Jumamosi moja niko kwenye harusi ya watu wa Chumbageni, hapa Tanga, nimesimama nyuma ya meza yenye kitambaa cheusi, watoto wamejaa mpaka wengine wananipumulia magotini, nainua kikombe cha katikati watu waone kile kimpira chekundu kimehamia pale. Na kweli kimehamia, ila kimebadilika rangi. Upande mmoja mwekundu, upande wa pili kijani kama mkate uliosahaulika kabatini. Mtoto wa mbele kabisa akasema kwa sauti ambayo hata dijei aliisikia, "Anko, mpira wako unaumwa." Ukumbi mzima kicheko. Mi nikacheka nao nikajifanya ndo mchezo wenyewe ulivyo, lakini rohoni nilikuwa nalia manake nilijua nimefanya nini juzi yake jikoni na ndimu na chumvi.

Kwa ambaye hajawahi kuuona huu mchezo, ni vikombe vitatu vimepinduliwa mdomo chini mezani, na vimpira vitatu vidogo ukubwa wa zambarau. Vinapotea mkononi vinatokea chini ya kikombe, unavitenganisha vinakutana, unaapa kiko kushoto kinaonekana kulia, na mwisho ukidhani umeshakwisha vinainuliwa vikombe vyote na chini ya kila kimoja kuna ndimu zima. Basi, ndo mchezo huo. Na umri wake si wa kitoto, yule mwanafalsafa wa Roma anaitwa Seneca, karne ya 1 huko, alishavitaja kwenye barua yake vikombe na vijiwe vya watu wa kiini macho, akasema raha yake yeye iko kwenye kule kudanganywa, ukimwonyesha inavyofanyika hamu inamwisha. Namuunga mkono kabisa mzee huyo, kwa hiyo siri siisemi hapa na msiniombe. Nasimulia matunzo tu, na hata humo kuna sehemu nitaruka, mtanisamehe.

Vikombe vyenyewe nilipewa na mjomba. Mjomba alikuwa baharia, wale vijana wa Tanga waliopanda meli za watu wakarudi na redio na mablanketi mazito ambayo joto la hapa hata halikuyataka. Alikuwa akipita Suez, wakifika Port Said wanapanda melini jamaa wa Kimisri wamevaa makanzu marefu, mdomoni "gali gali gali", wana vikombe na vifaranga hai vya kuku, unakohoa tu kifaranga kinatolewa kwenye kola yako. Mjomba hakujifunza ule ufundi wao ila alijua kuigiza, na sisi watoto pale barazani Barabara ya 12 alikuwa anatuchezea kwa vikombe vya kahawa na punje za mahindi, muuza kahawa amesimama pembeni roho juu juu anavihesabu vikombe vyake. Mi ndo nilikwama hapo. Wenzangu walikua wakaacha, mi sikuacha. Nilianza na vikombe vya plastiki, nikahamia vya bati, afu mwaka 1996 mjomba aliporudi safari yake ya mwisho akanipa boksi la mbao lililotoka Bombay, ndani vikombe vitatu vya shaba nyekundu.

Aisee. Vizito, unakishika unahisi umeshika kitu. Kila kimoja kina mikanda miwili iliyovimba karibu na mdomo, na kichwani kina kishimo kidogo cha kulaza kimpira kisibiringike. Vinavaana, unaviweka kimoja juu ya kingine vinasimama kama mnara, na kati ya kimoja na mwenzake panabaki kanafasi kadogo. Hako kanafasi kana kazi yake, turuke. Nilichokipenda zaidi ni sauti. Kikombe cha bati ukikiweka mezani kinapiga kelele, hiki kinasema tup, kama mlango wa gari zuri.

Wakati ule nimepanga chumba upande wa Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia samaki, dirisha linaangalia maji. Anayeishi kwetu anajua ile hewa inavyofanya. Mnyororo wa baiskeli usipotiwa mafuta wiki moja tu unalia, bati la paa linatoboka mtu ukiwa bado unalidaiwa, hata funguo mfukoni zinaota madoa. Mi nilidhani shaba iko salama kwa sababu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Haishiki kweli, inafanya mambo yake mengine, kwanza inafubaa, halafu inakuwa kahawia, halafu nyeusi, na ikikutana na chumvi na unyevu ndo inaanza kutoa kile kijani.

Lakini vyangu mwanzoni havikufubaa, miezi minne mitano viko vile vile vinang'aa, nikajiona nina bahati. Kumbe kiwandani vilipakwa vanishi nyepesi isiyo na rangi, ndo ilikuwa inapigana na bahari kwa niaba yangu. Sikujua. Mi nikaona kidoa kimoja kidogo pembeni ya mkanda, nikakumbuka bibi yangu alikuwa na sinia la shaba, kila ikikaribia Idi analisugua kwa ukwaju na majivu mpaka unajitazama ndani yake. Nikasema kama bibi aliweza kwa nini nisiweze mimi. Nikachukua majivu, nikaongeza na steliwaya ya kusugulia masufuria, nikakaa mlangoni nikasugua kidoa changu.

Kidoa kilitoka, na vanishi nayo ikatoka, ila si yote. Na hapo ndo ubaya ulipo manake penye vanishi pakabaki panang'aa, pasipo na vanishi pakaanza kufubaa, na kule kufubaa kukawa kunatambaa chini ya vanishi iliyobaki, baada ya mwezi kikombe kina mabaka kama mtu mwenye mba. Nikaongeza kusugua. Kila nikisugua mabaka yanahama. Sasa siku ile kabla ya harusi ndo nikasema leo namaliza, nikakata ndimu nne, nikachovya kwenye chumvi ya jikoni, nikapaka vikombe nje ndani, na kweli jamani vilitoka vyekundu vya waridi kama vimezaliwa upya. Nikavisuuza juu juu, nikavifuta na fulana, nikavivalisha kimoja ndani ya kingine na vimpira humo humo ndani, nikafunga begi. Siku mbili. Ile ndimu na chumvi iliyobaki kwenye mikanda ikalala humo na unyevu wake, ikatengeneza kijani, kijani kikahamia kwenye pamba ya vimpira. Hayo mengine mliyasikia kwa yule mtoto.

Aliyenifungua macho ni sonara, na kwake nilipelekwa na kosa lingine kubwa zaidi.

Nilikuwa nacheza shule moja ya msingi njia ya Pongwe, meza yenyewe dawati lililoegeshwa kwenye mteremko, kikombe kikabiringika, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kikatua kwa mdomo. Mdomo ukawa yai. Sasa kikombe chenye mdomo wa yai hakifai kitu, hakivaani na wenzake, kikivaana kinakwama, ukikivuta kinatoa mlio, na huu mchezo hautaki kitu kinachokwama. Nikampelekea fundi wa mabati, mtu mzuri tu anayetengeneza majiko na ndoo, akakishika akakiweka juu ya kipande cha reli, akachukua nyundo ya chuma, ka ka ka, dakika tano. "Tayari." Mdomo ulikuwa duara, siwezi kumsingizia, ila umejaa vijibonde na ukingo umepata mawimbi kama kanga iliyokaukia kwenye kamba, na mbaya zaidi ulikuwa umetanuka, kile kikombe sasa kilikuwa kikubwa kuliko ndugu zake.

Nikakaa nacho mwezi sijui nifanye nini. Ndo mama mmoja jirani akaniambia si ukawaulize masonara, wale wanajua kubembeleza.

Huyo sonara alikuwa mzee, kaduka kake kembamba pale Ngamiani, anafanya kazi amekaa chini. Nikamwamkia nikampa kikombe. Hakukiangalia kwanza, alikigonga kwa ukucha akasikiliza. Akakigeuza akakigonga upande wa pili akasikiliza tena. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, nani kakipiga huyu masikini?" Nikaeleza. Akacheka mpaka miwani ikashuka. Akasema, "Shaba ukiipiga inakuwa ngumu. Kila nyundo inazidi kuifanya ngumu, mwisho inapasuka. Inabidi iingie motoni kwanza isahau."

Alinifukuza nirudi kesho, nikakataa, nikakaa kwenye kigoda kule mlangoni nikaangalia. Aliupasha mdomo wa kikombe kwa moto wa gesi polepole anakizungusha, mpaka ukawa mwekundu wa giza, si ule mwekundu wa kuwaka, akakitumbukiza kwenye maji, tssss. Nikadhani amekiua, chuma si ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu? Akaniambia shaba si chuma, yenyewe inalainika. Kisha akachukua kipande cha mti alichokichonga mwenyewe hapo hapo, gogo la mpera, umbo la ndani ya kikombe kabisa, akakivalisha kikombe juu yake. Nyundo yake ilikuwa ya mti, kichwani amevisha ngozi. Akaanza kugonga, na kugonga kwenyewe ni kama anabisha hodi kwa mgonjwa, tu tu tu, anazungusha, tu tu tu, anazungusha. Hakupiga kibonde, alikuwa anapiga pembeni ya kibonde, kinakuja chenyewe. Saa nzima. Nikamletea chai, akanywa, akaendelea. Siku ya pili akamaliza ukingo. Ukipitisha kidole leo utahisi sehemu moja ina kamwinuko kadogo, basi, kwa macho huoni.

Hela aliyonitoza naona aibu kuitaja kwa udogo wake. Ila aliniongezea na darasa bure. Alipoona yale mabaka akaniambia vanishi ikishaanza kubanduka usiikarabati, itoe yote. Akaniambia itoe kwa asetoni. Asetoni naipata wapi? Akaangalia pete yangu akasema, "Si una mke? Hana dawa ya kutolea rangi ya kucha?" Basi chupa mbili za mama watoto zikaisha usiku ule, nimekaa uani penye hewa manake ile harufu inapanda kichwani, sina moto karibu, nafuta kwa pamba. Mpaka leo akinikumbusha zile chupa anazitaja kama deni.

Kuhusu ndimu hakunikataza. Alisema ndimu haina kosa, kosa ni kuiacha. Kama umetumia ndimu na chumvi osha kwa maji mengi na sabuni, mswaki laini upite kwenye mikanda, halafu kausha hapo hapo, usikiache kikauke chenyewe, na ukimaliza kukausha kausha tena. "Chumvi ya baharini unaikimbia halafu unakwenda kuinunua dukani," ndo alivyoniambia, nikajiona mjinga kweli.

Toka siku hiyo vikombe vyangu havina vanishi, nimeviacha shaba tupu. Napaka nta ya gari, ile ya kopo isiyo na chembe za kukwaruza, kidogo sana kwa kitambaa, naacha ikauke, nasugua mpaka kidole hakiachi alama. Mara mbili kwa mwaka tu, mwezi wa pili hivi kabla masika hayajaanza, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Dawa ya kung'arisha naigusa kwa nadra sana siku hizi. Kila ukiking'arisha unatoa shaba kidogo, unakula kikombe, mikanda inaanza kupoteza sura. Nje vimekuwa rangi ya asali nyeusi, na watu wanavipenda hivyo kuliko vilivyokuwa vipya. Ndani sipagusi kabisa, pamekuwa peusi, na peusi pale pana faida yake, turuke tena.

Kabla ya nta nilipita kwenye mafuta ya nazi, msicheke. Niliwaza nazi inalinda ngozi, inalinda nywele, itashindwa shaba? Nikavipaka vikalala vimependeza. Asubuhi sisimizi, mstari mnene umetoka dirishani mpaka kwenye boksi, wako harusini. Nikavifuta lakini mafuta yalishaingia kwenye pamba ya vimpira, kimpira kikawa kizito kinanuka nazi iliyochacha, na kikombe kinateleza, mara mbili kilinichoropoka mbele ya watu. Nazi ibaki kwenye wali.

Lingine ambalo lilinichukua miaka kulijua ni tyubu. Mji wetu wa baiskeli, kila kitu tunafunga kwa mpira wa tyubu, mkungu wa ndizi, jembe, mtoto akizidi utundu naye utamtamani. Mi nilikuwa nafunga mnara wangu wa vikombe kwa kipande cha tyubu visigongane njiani. Baada ya wiki chache nikaona pete nyeusi tii imezunguka kikombe cha nje, pale pale tyubu ilipokaa. Mpira wa tyubu umepikwa na salfa, na salfa ikikaa na shaba inaifanya nyeusi. Fedha ndo kabisa, mwenye cheni ya fedha asiifunge na rababendi. Ile pete ilitoka kwa dawa na mkono mmoja kuuma, na siku hizi tyubu inabaki kwenye keria.

Na usafiri wenyewe, kuvivalisha vikombe kimoja ndani ya kingine bila kitu kati ni kuvipa visu vipigane. Bodaboda, njia ya vumbi, mashimo, wewe unawaza shoo humo begini shaba inasuguana na shaba na mchanga kidogo umeingia, unafika vina michirizi ya duara kama santuri. Nilishonewa vifuko vya flaneli, vikaibiwa pamoja na begi, bahati vikombe siku ile vilikuwa mkononi. Nikahamia soksi. Soksi za pamba, zimefuliwa, hazina lastiki kali, kila kikombe soksi yake, vinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ile ya rangi ya nyumba lita nne niliyoiosha mpaka ikasahau rangi. Humo natupia vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinakunywa unyevu, ila navyo vinashiba, usiweke kimoja mwaka mzima ukadhani bado kinafanya kazi. Gazeti sifungii tena, wino unahamia.

Sasa vimpira. Watu wanaona vikombe, lakini roho ya mchezo iko kwenye vimpira, na ndivyo vinavyokufa haraka. Vyangu anafuma shangazi yangu wa Makorora, yule yule anayefuma vitambaa vya makochi nusu ya mtaa. Ndani ni kizibo cha chupa nilichokichonga duara kwa wembe na msasa, nje amekifumia uzi wa pamba kwa sindano ya kroshia, sentimita 2 na nusu kwa upana, ingawa yeye hapimi kwa rula, anapima kwa kichwa cha kidole gumba changu, ikija sherehe ananiita nimpe kidole apimie. Mara ya kwanza tulitumia uzi wa sweta, ule wa kuteleza, vikawa vinakimbia mezani kama gololi. Pamba inashika. Mara ya pili uzi mwekundu ukachuja, mwezi wa tatu, joto la kuvunja mbavu, viganja vinatoka jasho, nikafungua mikono kuonyesha haina kitu na kweli haina kitu ila ni myekundu kama nimechinja. Toka hapo uzi mpya tunauloweka na kuufua kabla ya kufuma, tunabadilisha maji mpaka yatoke meupe.

Kuvifua vyenyewe vikishakuwa vimpira ni kazi ya subira. Sabuni ya kipande, maji ya baridi, unaviminya ndani ya taulo, usikamue kama nguo vitapoteza umbo, kivulini, na wakati wa masika vinaweza kula siku tatu nne kabla ya kukauka mpaka ndani, ukivifungia mapema vinaota ukungu halafu harufu yake haitoki tena. Ndo maana shangazi anafuma kumi na viwili kwa mkupuo mmoja, uzi mmoja, mkono mmoja. Sichanganyi vya zamani na vipya. Watoto wana macho, kimpira kimoja kikiwa kimepauka kuliko wenzake wanakifuata hicho hicho shoo nzima na wewe umekwisha.

Na usifanye mazoezi unakula. Mi nilikuwa nafanya mazoezi usiku na sahani ya muhogo na samaki wa kukaanga pembeni, vidole vyenyewe unavijua. Kuna asubuhi niliamka nikakuta vimpira viwili, cha tatu kipo chini ya kitanda, kizibo kitupu, panya amekula uzi wote akaniachia kizibo kiko uchi. Sikumlaumu, mi ndo nilimtilia mchuzi.

Ndimu za mwisho wa mchezo nazo zina adabu zake. Chagua zisizo na kidonda, zifute, na shoo ikiisha zitoe, zote, hesabu. Niliwahi kusahau moja wiki nzima, sitaki kuikumbuka ile begi. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie chungwa la Muheza ndo fahari ya mkoa wetu, jamani nimejaribu, haliingii, hata chenza linagoma. Vifaranga nilijaribu pia, nilisikia yule Mmarekani Johnny Ace Palmer mwaka 1988 kule The Hague alichukua tuzo kubwa kabisa kwenye mashindano ya dunia ya mazingaombwe yanayoitwa FISM, na mchezo wake ulikuwa na vikombe na vifaranga, nikasema mjomba asingekosea. Nikaazima vitatu kwa jirani. Shoo ilikuwa tamu ajabu, watoto walipagawa, lakini hakuna aliyeniambia kifaranga akiogopa anafanya nini ndani ya kikombe, na ile mbolea ya kuku ikikauka kwenye shaba inaacha doa ambalo ndimu inaliamkia shikamoo. Na pia niliwaonea huruma, kikifunikwa gizani kinalia. Nikavirudisha.

Mikono ya watu haina dawa moja. Mtoto haharibu sana, mtoto anachungulia tu. Mtu mzima ndo shida, anajiona ameshakukamata, anakivamia kikombe anakipindua anakigonga mezani kuonyesha wenzake. Zamani nilikuwa naking'ang'ania tunavutana mbele za watu, aibu. Sasa hivi mwanzo kabisa wa mchezo nampa mkononi yule mwenye kelele zaidi kabla hajaomba, namwambia kaka nisaidie kunikagulia, anakishika taratibu kama amepewa mtoto wa watu, akimaliza amekuwa mlinzi wangu, akija mwingine kudandia yeye ndo anamzuia. Wapo pia wanaogopa kugusa wakidhani kuna jini, hao nawaacha, shaba yangu inapona. Na stendi sichezi tena, nilishakaribia kunyang'anywa vyote na mgambo mmoja aliyedhani ni zile kamari za njiani za kufunika na kufunua, ukimwangalia sikumlaumu, kwa mbali vinafanana.

Binti yangu ana miaka kumi na moja sasa, na yeye amekwama pale pale nilipokwama mimi. Nimempa vya bati ajifunzie, vya shaba ruhusa yake ni kufuta tu baada ya shoo, na anafuta vizuri kuliko mimi, anapita kwenye mikanda na kitambaa amekizungushia njiti. Na soksi anavivalisha yeye. Jumamosi iliyopita nimefika kwenye bethidei Raskazone, nafungua ndoo, kikombe cha kwanza soksi yangu nyeusi, cha pili soksi yangu nyeusi, cha tatu kile chenye mwinuko wa sonara kimevaa soksi nyeupe ya shule, ina jina lake limeandikwa kwa peni ya bluu kwenye kisigino. Na mimi Jumatatu yake nikaitwa na mwalimu wake, mtoto amekuja shule mguu mmoja mweupe, mmoja mweusi unaomfika gotini.